Mkaa Haujawahi Kuwa Nafuu

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Morogoro na Mwanza kuna sheria isiyoandikwa popote: umeme ni wa taa, runinga, simu na friji, chakula kinapikwa kwa mkaa, na mkono ukiwa mzuri, kwa gesi. Ukitaja kupika kwa umeme unajibiwa kabla hujamaliza sentensi: luku, ule umeme wa kulipia kabla, itakwisha mboga ikiwa bado mbichi. Jibu hilo analitoa mama lishe, analitoa mhasibu wa benki, analitoa na mwenye duka la vifaa vya umeme ambaye ana hizo sufuria za umeme rafuni kwake. Wengi wao hawajawahi kusoma mita kabla ya kupika wakaisoma tena baada ya kupika. Imani hii inazigharimu familia zetu fedha nyingi kila mwezi, na napenda kuipinga hoja kwa hoja.

Kwanza niieleze kama wenyewe wanavyoieleza, kwa sababu si hoja ya kijinga. Wanasema umeme unaliwa huku unauona: namba zinashuka kwenye mita, moyo nao unashuka. Mkaa unaushika mkononi, unaupima kwa macho, unanunua wa leo tu. Umeme hukatika bila kubisha hodi, mkaa hauna mgao. Jiko la mkaa kibarua analimudu kwa ujira wake, ilhali sufuria ya umeme inadai fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Halafu wanaongeza jambo zito kuliko yote: tulijaribu. Tulinunua jiko la umeme, tukabandika maharage, luku ikaisha.

Walijaribu kweli. Kilichowapotosha ni hukumu waliyoitoa baada ya kujaribu.

1. Kosa la jiko limebebeshwa umeme

Jiko ambalo wengi walilijaribu ni lile la koili, waya uliozungushwa unaokuwa mwekundu chini ya sufuria. Chukua la wati 1,500. Likiwaka saa mbili bila kupumzika, muda ambao maharage makavu huhitaji, linakula uniti 3, yaani kilowati-saa 3. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mteja wa kawaida wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ongeza asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA yenyewe, inafika kama shilingi 356. Hiyo ndiyo sababu umeme wa shilingi 1,000 unakupa uniti 2.8. Kwa hiyo chungu kimoja cha maharage kimemaliza tokeni ya elfu moja na zaidi. Mama aliyeona hivyo akarudi kwenye mkaa alipiga hesabu sahihi kabisa, kwa jiko lile.

Sasa chukua presha kuka ya umeme ya lita 6, wati 1,000, ambayo siku hizi unaipata Kariakoo na katika miji mingi ya mikoani. Nusu kilo ya maharage makavu huiva humo kwa takriban uniti 0.3 hadi 0.5, kutegemea umri wa maharage na kama yalilowekwa. Tuseme 0.4. Kwa bei ileile ya T1 hizo ni shilingi 142. Maharage yaleyale, umeme uleule, gharama imeshuka kutoka zaidi ya 1,000 hadi chini ya 150.

Sababu zake ziko wazi. Koili inapasha joto sufuria, inapasha na hewa ya jikoni, na mvuke wote unakwenda zake. Presha kuka imefungwa, imezungushiwa kuta zinazozuia joto kutoka, na chombo cha kupimia joto kinakata umeme mara ndani pakifika kiwango. Kati ya saa nzima ya kupika, umeme unaingia kwa chini ya nusu ya muda huo. Tena mgandamizo wa ndani unayafanya maji yachemke kwenye nyuzi kama 115 badala ya 100, na maharage yanalainika mapema. Wakazi wa Mbeya wana sababu ya ziada. Mji wao uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, ndiyo maana makande ya kule hukaa jikoni hadi mtu anakata tamaa. Sufuria yenye presha hupunguza sana tatizo hilo la mwinuko.

Anayesema “umeme ni ghali” bila kutaja umeme wa kifaa gani, bado hajasema kitu. Hakuna anayekula umeme. Tunakula maharage, na swali ni uniti ngapi zimetumika hadi yakaiva.

2. Bei ya mkaa ni ile usiyoihesabu

Wanaosifu mkaa huulinganisha kwa kopo. Kopo linaonekana dogo, bei yake inaonekana ndogo, basi mkaa umekuwa rahisi. Lakini anayenunua kwa kopo au kwa mfuko mdogo analipa kwa kilo zaidi ya anayenunua gunia. Ni maskini ndiye anayenunua kidogokidogo, kwa hiyo ni maskini ndiye anayeuziwa mkaa wa bei ya juu kuliko wote. Kilio cha bei ya luku kinatoka katika nyumba ambazo mkaa wake unanunuliwa kwa fedha nyingi zaidi, ila fedha hiyo inatoka kila jioni, kidogo kidogo, na hakuna mita inayoijumlisha.

Hebu tuijumlishe sisi. Nyumba inayopika kila siku chungu kimoja cha vyakula vigumu (maharage, makande, nyama, kisamvu) na sufuria moja ya wali katika presha kuka hutumia chini ya uniti moja kwa siku. Weka uniti 28 kwa mwezi. Kwa T1 ni kama shilingi 10,000. Hela hiyo Dar es Salaam haikupi hata nusu gunia la mkaa. Nami sijahesabu bado mafuta ya taa au mifuko ya plastiki inayochomwa ili moto ushike, wala sabuni na steelwool za kukwangua masizi, wala mkaa unaobaki ukiwaka baada ya chakula kuiva, ukipika hewa tupu. Jiko la kawaida la bati hupeleka kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto la mkaa wake. Iliyobaki inampasha mpishi.

Bei ya mkaa pia inazidi kupanda kwa sababu msitu unazidi kurudi nyuma. Tanuri la udongo linalotumika vijijini linahitaji tani nyingi za magogo, kati ya 5 na 10, kutoa tani moja ya mkaa. Malori yanayoingia Dar sasa yanatoka mbali zaidi ya yalikotoka miaka ya nyuma, na kila kilomita inalipwa na mnunuzi wa mwisho. Tumejenga Rufiji bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, halafu tunakata miti katika maeneo ambayo mito yake ndiyo inayolijaza. Ukipikia mkaa ili “kuokoa umeme” unaufanya umeme wenyewe uwe adimu zaidi kesho.

3. “Umeme unakatika”

Unakatika, kweli. Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 haujasahaulika, na kuna mitaa ambayo hadi leo mvua ikinyesha tu taa zinazimika. Lakini tazama tunavyofanya kwa vifaa vingine. Hakuna aliyekataa friji kwa kuwa umeme hukatika. Hakuna aliyeacha simu akarudi kwenye barua. Tunanunua, na siku ya giza tunatafuta njia nyingine. Ni sufuria peke yake inayodaiwa iwe na uhakika wa siku 365 ndipo iruhusiwe kuingia nyumbani.

Tena presha kuka huvumilia kukatika kuliko vifaa vingi. Umeme ukienda chakula kikiwa tayari kina presha, joto na mgandamizo vinabaki ndani, na uivaji unaendelea kwa muda. Weka mtungi mdogo wa gesi wa akiba, au hata lile jiko lako la mkaa, kwa siku hizo. Kuwa na njia ya pili ni busara ya kila mpishi. Kuifanya njia ya dharura kuwa ya kila siku kwa kuogopa siku chache za giza ni hasara ya kujitakia.

4. “Umeme ni hatari, utachoma nyumba”

Hoja hii huwa nzito zaidi mdomoni mwa mwenye nyumba. Masharti ya chumba cha kupanga yanajulikana: hakuna pasi, hakuna hita, hakuna jiko la umeme. Mkaa unaruhusiwa. Mpangaji anaruhusiwa kuwasha makaa kwenye korido ya upana wa mita moja, mbele ya milango sita, watoto wakipita, na hilo halihesabiwi kuwa hatari.

Presha kuka ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta kama ampea 4.3. Soketi ya kawaida ya pini tatu imetengenezwa kubeba ampea 13. Pasi nyingi, na karibu kila birika la umeme, huvuta zaidi ya presha kuka. Kama waya za nyumba haziwezi kubeba ampea 4.3, nyumba hiyo ni hatari hata pasipo kupika, na anayepaswa kuitwa ni fundi umeme mwenye leseni, si mpangaji wa kufukuzwa. Onyo la kweli ni moja: usichomeke kifaa cha kupikia kwenye eksitensheni nyembamba yenye mafundo ya selotepu. Chomeka ukutani.

Upande wa pili wa mizani una maiti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, mkaa, mafuta ya taa na nishati za aina hiyo, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 kati yake vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Kila msimu wa baridi nyanda za juu tunasikia habari ileile: familia imeingiza jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya joto, ikafunga dirisha, asubuhi majirani wakavunja mlango. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Jamii inayozika watu kwa mkaa kila mwaka ikiendelea kuuita umeme “hatari” imeacha kuhesabu wafu wake.

5. Ladha

Husemwa kwamba chakula cha mkaa ni kitamu zaidi. Mishikaki, mahindi ya kuchoma na samaki wa kubanika, nakubali. Maharage yaliyofunikwa kwenye sufuria hayaonji moshi. Utamu wake unatokana na kitunguu, nazi na chumvi iliyowekwa kwa wakati. Ugali na chapati ni suala jingine: presha kuka si chombo chake, vinahitaji gesi au jiko la induksheni. Hakuna aliyesema kifaa kimoja kifanye kila kitu. Kinachomaliza mkaa ni vyakula vya saa mbili, na hivyo ndivyo presha kuka inavyoviweza.

6. “Nishati safi ni gesi”

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2024 mkakati wake wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, picha iliyotujaa macho ni ya kiongozi akimkabidhi mama mtungi. Mtungi wa kwanza unatolewa bure au kwa ruzuku, makofi yanapigwa. Mtungi wa pili mama anaujaza kwa hela yake, na hapo mitungi mingi inageuka kuwa stuli.

Kuna pia imani iliyojificha hapa: watu wengi wanadhani gesi ya mtungi inatoka Mtwara. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni nyingine, na sehemu kubwa yake inazalisha umeme. Ya Songo Songo imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 2004. Ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani tunaoagiza kwa meli na kulipia kwa dola. Nyumba inayopika kwa umeme ndiyo inayotumia gesi ya Mtwara na Lindi na maji ya Rufiji. Gesi ya mtungi ina nafasi yake, nimeshaitaja, kwa chapati, ugali na siku za giza. Kuifanya ndiyo jibu lote, wakati nyaya za umeme zimeshafika vijiji karibu vyote, ni kupoteza uwekezaji tuliokwisha kuulipia.

7. Nani anachagua kifaa cha nyumbani?

Hapa ndipo penye kiini, na napenda nikae kidogo. Angalia mpangilio wa manunuzi katika nyumba ya kawaida ya mjini. Kwanza runinga bapa, mara nyingi kwa mkopo. Kisha sabufa. Kisha king'amuzi na malipo yake ya kila mwezi. Kisha friji, mara nyingi ya mtumba. Jiko la kisasa linakuja mwisho, likija, na hapo ndipo ghafla kila mtu anakuwa mwanauchumi: linakula umeme kiasi gani?

Swali hilo halikuulizwa juu ya friji. Friji kuukuu ya mtumba, mpira wa mlango ukiwa umelegea, inaweza kula uniti moja na nusu kwa siku. Kwa T1 hizo ni zaidi ya shilingi 500 kila siku, 16,000 kwa mwezi, usiku na mchana, hata kama ndani mna chupa tatu za maji tu. Presha kuka inayopika maharage na wali wa familia inatumia chini ya theluthi mbili ya hizo. Nyumba inayokataza presha kuka ili kubana luku huku friji hiyo ikinguruma sebuleni haijabana chochote.

Kwa nini hesabu inaanzia kwenye sufuria? Kwa sababu anayeshika fedha kubwa ya nyumba kwa kawaida si yule anayepuliza moto. Saa mbili za maharage zinatoka kwenye mwili wa mke, wa dada wa kazi, wa binti aliyerudi shule. Kwa kuwa hazilipwi zinaonekana ni za bure. Macho yanayowasha, kifua kinachobana, kazi za shule zilizofanywa kando ya jiko: hakuna kopo la kupimia hayo. Presha kuka ikishafungwa haihitaji mtu kuisimamia. Mpishi anakwenda zake akarudi chakula kimeiva. Mume ambaye amekubali kulipia runinga kwa miezi kumi na miwili anaweza kulipia sufuria kwa miezi mitatu. Na akisema haiwezekani, namwomba apike yeye kwa mkaa kwa huo muda anaosubiri.

Kwa wanaokwenda dukani: chagua lita 5 au 6 kwa familia ya watu watano. Hakikisha ina alama ya ubora ya TBS na plagi ya pini tatu. Uliza kama mpira wa mfuniko na sufuria ya ndani vinapatikana kama vipuri, maana mpira utachoka kabla ya kifaa. Sufuria ya ndani iwe nzito. Vitufe vingi vya keki na mtindi usivilipie.

8. Pale wapinzani wangu waliposimama penye ukweli

Kuna mahali pamoja ambapo “umeme ni ghali” ni kweli, na walioufanya ghali ni wapanga bei. Mteja mdogo wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kama 122 pamoja na makato. Kwake maharage yale ni shilingi 49. Hakuna mkaa duniani wa kushindana na hapo.

Lakini mtazame mama mwenye taa, runinga na friji ndogo anayetumia uniti 60. Analipa kama shilingi 7,300. Akaitikia wito wa nishati safi, akaongeza uniti 28 za kupikia, amefika 88. Amevuka mstari. Akihamishiwa T1, uniti zote 88 anazilipia kwa 356: zaidi ya shilingi 31,000. Uniti zake 28 za kupikia zimemgharimu 24,000. Serikali imemwita kwa mkono mmoja na kumtoza kwa mwingine.

Wa nyumba za kupanga wana hali mbaya zaidi. Familia sita kwenye mita moja, kila moja ikitumia uniti 20 tu, zinafika 120, na mita inahesabiwa kama ya mteja mmoja mkubwa. Kwa kila uniti, familia hapo inalipa karibu mara tatu ya anayeishi peke yake katika nyumba yenye mita yake na kutumia uniti 70. Bei iliyotungwa kwa ajili ya mnyonge inampita mnyonge na kumfikia mwenye nyumba nzima. Wapangaji hawa wakisema kupika kwa umeme kunawashinda, wanasema kweli, na jibu lao haliko kwenye kopo la mkaa.

Liko EWURA na katika shirika la umeme, TANESCO. Mpaka wa uniti 75 uliwekwa kwa nyumba ya taa na redio. Nyumba inayopika inahitaji kama uniti 30 zaidi, basi mpaka usogezwe hadi 105, na anayeuvuka alipe bei ya juu kwa zile za ziada tu, asihamishwe kundi. Mita zifungwe kwa kila chumba kinachopangishwa, gharama yake ikatwe kidogo kidogo kwenye luku, kama kodi ya majengo inavyokatwa tangu 2021 bila mtu kuombwa ridhaa. Na fedha ya ruzuku inayonunua mitungi igawanywe, nusu yake inunue presha kuka.